Barbara Gordon alikaa

Kuna mama jirani yetu ambaye hunipitia kila akisikia mtumishi wa Mungu kaja mjini. "Mwanangu, wiki hii usikose. Huyu wa safari hii ni moto, juzi kamsimamisha mtu Ubungo." Namwamkia, namshukuru, namwambia tutaona. Ameanza 2016 na hajachoka, na mimi sijawahi kwenda. Kumjibu vibaya siwezi. Miezi ile ya kwanza ndiye aliyekuwa anapokezana na mama kunigeuza kitandani kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, nisitoke vidonda mgongoni. Mtu aliyeamka saa tisa usiku kuja kukugeuza, unamvumilia mengi.

Lakini mwanamke aliyenisaidia kichwani, huku ndani, ni wa kuchorwa: Barbara Gordon, wa vitabu vya katuni vya Batman.

Nilipata ajali ya bodaboda mwishoni mwa 2015, nikiwa na miaka 22. Mvua ilikuwa inaanza kunyesha, dereva akageuka kidogo kuniuliza kama nataka kujifunika koti lake. Basi, baada ya hapo nakumbuka taa za lori. Uti wa mgongo ulivunjika juu kidogo ya kiuno. Wodini binamu yangu akaniletea tableti aliyoijaza vitabu vya katuni vya Kimarekani. Mimi katuni zangu zilikuwa za Sani, Ndumilakuwili na Lodi Lofa; Batman nilimjua kwa sinema tu. Binamu naye hakuchagua, alinakili folda nzima kama ilivyo. Ndiyo maana kitabu cha kwanza kukifungua kikawa kile ambacho mtu mwenye akili zake asingempa mgonjwa wa uti wa mgongo.

Ni The Killing Joke, cha 1988, kilichoandikwa na Alan Moore na kuchorwa na Brian Bolland. Barbara Gordon yuko nyumbani na baba yake, kamishna wa polisi wa Gotham, mji wa Batman. Kengele ya mlango inalia. Anajua ni rafiki yake wa ng'ambo ya barabara, jioni hiyo wana mazoezi. Anafungua huku bado anaongea na baba yake, na pale mlangoni amesimama Joker, adui mkubwa wa Batman: shati la maua, kamera shingoni, bastola mkononi. Risasi inampasua tumbo na kumvunja uti wa mgongo. Kisha Joker anamvua nguo na kumpiga picha, ili akamwonyeshe baba mtu mpaka apate wazimu. Anatania hata: Barbara alikuwa mkutubi, basi hiki hapa ni kitabu kilichoharibika mgongo.

Nikaizima tableti. Risasi niliivumilia. Kilichonishinda ni kwamba yule dada alikuwa Batgirl, shujaa wa kupambana na wahalifu kama Batman, tangu 1967, ana akili kuliko nusu ya wanaume wa Gotham, na hapa amegeuzwa bahasha. Maumivu yake ni barua ya kumpelekea baba yake. Barua ikifika, hadithi inaendelea na wanaume watatu, yeye kabaki hospitali. Nami nilikuwa nimelala wodini, madaktari wamesimama miguuni pangu wanamweleza baba hali yangu. Baba anauliza, wanajibu. Mimi nipo hapo hapo, macho yamenitoka, mpira wa mkojo unaning'inia pembeni.

Wiki mbili sikugusa katuni. Niliporudi ni kwa sababu usiku wa wodini ni mrefu.

Kumbe si mimi peke yangu niliyekasirika. Kim Yale na John Ostrander, mke na mume waliokuwa wanaandika kwa DC, kampuni iliyotoa kitabu kile, hawakupenda dada wa watu aachwe sakafuni. Mwanzoni mwa 1989, katika toleo la 23 la katuni ya Suicide Squad, wakaingiza mtu asiyejulikana, anayejiita Oracle, anayeongea kupitia kompyuta tu. Hana sura. Anajua kila kitu, anafungua mifumo ya serikali kama anafungua friji, anasaidia, anapotea. Mpaka 1990 ndipo wasomaji wakaambiwa kwamba Oracle ni Barbara Gordon, na kwamba yuko kwenye kiti cha magurudumu. Utaratibu huo mimi nausifu mpaka leo. Wasomaji walimjua kwa kazi yake kabla ya kukijua kiti chake. Sisi wengine mambo huja kinyume: kiti kinaingia chumbani kwanza, wewe unafuata nyuma, ukipata nafasi.

Lugha yenyewe nayo ina mchango. Kiwete, kipofu, kiziwi, kilema: hiyo ki- ya mwanzo ndiyo ya kiti na kisu. Najua, kijana na kiongozi nao wamo humo humo, kwa hiyo sitaki kuikuza hoja. Ila siku utakayosikia "na hiki kiwete chako kinataka nini?" akiulizwa mtu aliyekusukuma, nawe umekaa mbele ya dirisha la benki na kitambulisho mkononi, utaisikia ki- hiyo vizuri sana.

Mwaka 1996 Yale na Ostrander wakaandika hadithi fupi ya jinsi Barbara alivyofika kuwa Oracle, na hiyo ndiyo niliyoisoma mpaka nikaikariri. Sababu ni moja: ana hasira. Hajawa malaika wa kiti cha magurudumu anayewatia moyo wazima. Ana hasira na Joker, na ana hasira hata na Batman, kwa sababu amesikia kwamba usiku ule ule wawili hao waliishia kucheka pamoja. Anashindwa kulala. Halafu taratibu anaanza kujifunza tena: kompyuta, kupigana kwa fimbo mbili akiwa amekaa, kuwapo. Hakuna ukurasa anaosema ameshukuru kupigwa risasi. Mimi nilishaambiwa na watu wa heshima zao kwamba ajali ilikuwa na makusudi mema. Sijui wanayaona wapi.

Na hapo Kiswahili kinanipa neno ambalo waandishi wale hawakuwa nalo. Kukaa. Unakaa kitini, unakaa Temeke, na kitenge kizuri kinakaa miaka. Barbara alikaa kwa maana zote tatu. Alikaa kwenye kiti chake, alikaa Gotham kwenye mnara wake wa saa, na alikaa miaka zaidi ya 20 akiwa Oracle, sauti sikioni mwa Black Canary na wenzake wa Birds of Prey, kundi la mashujaa wanawake, mpaka Batman mwenyewe akawa anapiga simu kuomba msaada.

Swali la kwa nini hatibiwi halikuisha, na lilikuwa na msingi. Mwaka 1993 adui mwingine, Bane, alimvunja Batman mgongo, na kufika 1994 Batman anaruka tena juu ya maghorofa. Dunia yenye uchawi na watu wanaofufuka, mgongo wa Barbara tu ndio haukupata fundi. Ni upendeleo, sikatai. Ila upendeleo huo, kwa bahati mbaya au nzuri, ulitupatia mtu wetu.

Mwaka 2011 kampuni ikaanza hadithi zake zote upya, na Barbara akasimama. Batgirl tena, anaruka. Maelezo ni kwamba alifanyiwa upasuaji wa majaribio kwenye kliniki moja Afrika Kusini. Niliposoma hapo nilicheka mpaka mama akaja kuangalia. Yaani dawa iko huku huku bara letu, na mimi hakuna aliyenistua! Baada ya kucheka, nikaumia. Wasomaji wenye ulemavu walilalamika wakati ule na nadhani walikuwa sahihi. Mashujaa wanaoruka juu ya majengo wamejaa tele. Aliyekuwa anaendesha vita vyote akiwa amekaa alikuwa mmoja.

Nikiri haki yake Gail Simone aliyeandika ile Batgirl mpya. Toleo la kwanza kabisa, adui anaielekeza bastola pale pale ilipopita risasi ya Joker, na Batgirl anaganda. Miguu imepona, yeye kaganda. Hilo nalijua. Miguu yangu haisikii kitu, lakini pikipiki ikipita karibu na dirisha mvua inaponyesha, mikono inashika matairi yenyewe.

Siku hizi nafanya kazi ya simu katika kampuni moja ya mabasi, nikiwa nyumbani. Kabla ya kuanza ilibidi fundi atoe fremu ya mlango wa chumba. Mlango ulikuwa sentimita 61, kiti changu 64. Sentimita tatu zilikuwa zimenifungia sebuleni miezi minne. Fundi akapiga nyundo, vumbi likatua kwenye ugali wa watu, tukatundika pazia. Abiria akipiga hajui kama nimekaa au nimesimama, wala haimhusu.

Mwezi uliopita basi letu moja lilikwama Kitonga jioni na dada mmoja akanipigia analia, ana mtoto na simu inaelekea kuzima. Nilimtuliza, nikampata dereva wa basi jingine lililokuwa Mikumi, nikampa yule dada namba ya siti, nikamwambia azime simu na aiwashe saa mbili na nusu. Saa mbili na nusu akaiwasha. Nilipovua spika za masikioni nikamkuta mama jirani amekaa kwenye stuli nyuma yangu, ameshika mfuko wa maembe, sijui kaingia saa ngapi. Nikamwamkia. Akaitikia, akanitazama kwa muda.

"Kumbe ndio nyinyi wa kwenye ile namba?"

"Ndio sisi, mama."

Nikangoja habari za mtumishi. Akaweka maembe chini, akasema Desemba anakwenda Njombe kwenye harusi, na anataka siti ya mbele, dirishani, asikalishwe juu ya matairi kama mwaka jana.