Keki tumekula, sasa hamisheni ofisi ya kaunsela

Oktoba 10 imepita na kama kawaida kazini tumekatiwa keki ya Siku ya Afya ya Akili Duniani. Tukapigwa picha, tukafundishwa kuvuta pumzi kwa pua na kuitoa kwa mdomo, na huko wadini nesi mmoja amebaki na wagonjwa wote kwa sababu sisi wengine tuko bize tukipumua. Sina shida na keki, hata ilikuwa tamu. Shida ni bosi kusema kaunsela yuko tangu enzi za Korona "na hamji".

Ati hamji. Basi niwaambie kwa nini hatuji.

Ofisi ya huyo kaunsela iko korido moja na HR. Ukienda kwake unapita watu wamekaa kwa benchi wakingoja fomu za likizo, watu mnajuana, na kufika saa ya chai kuna mtu ashakuuliza "lakini uko sawa?" na ile sauti ya matanga. Kaunsela mwenyewe ni mtu mzuri, sina neno naye, ila mchana anakula meza moja na metroni, na metroni ndiye hupanga zamu. Sasa mimi niende nimwambie kwamba tangu 2020 monita ikilia hata kwa runinga mikono inatetemeka? Halafu mwezi ujao nikihamishwa kutoka ICU, wadi ya mahututi ninakofanya kazi, nianze kujiuliza kama ni zamu tu ama ni faili yangu imesomwa? Na hii Kenya ni nchi ambayo ni juzi tu, Januari 2025, Mahakama Kuu ilisema kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Tumekua tukitishwa "utapelekwa Mathari", ile hospitali ya wagonjwa wa akili Nairobi, na kwa chumba cha chai manesi wazima na vyeti vyao bado wanataniana hivyo hivyo. Kuna jopo la serikali lilipendekeza mwaka huo huo wa 2020 afya ya akili itangazwe dharura ya kitaifa. Sisi tuliongezewa bango ukutani.

Na mnaikumbuka hiyo 2020. Kafyu saa moja jioni, matatu ya watu 14 inabeba 8, nauli iko juu, na makanga akiona yunifomu imechungulia chini ya sweta anakuambia gari imejaa na viti unaviona. Mazishi mwisho watu 15, kwa hivyo wenzetu wakifariki tulituma mchango kwa M-Pesa tukaingia zamu, hakuna aliyelia vizuri. Desemba akafariki yule daktari wa miaka 28 aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa Korona Machakos, miezi mitano bila mshahara, bila bima. Wiki hiyo hiyo manesi na maafisa wa kliniki walianza mgomo na watu wakauliza kama hatuna huruma. Sijui hiyo unaitoa kwa pua ama kwa mdomo.

Tuliponea wapi? Kwa grupu ya WhatsApp ya watu wa zamu ya usiku. Matusi, maombi, vichekesho vya maiti ambavyo siwezi kuandika hapa mama yangu husoma. Mmoja wetu alianza kunywa peke yake kila asubuhi akitoka kazini na tulijua kwa grupu, hakuna ofisi ilijua mpaka leo. Lakini grupu si matibabu, sisi wote tulikuwa tumechoka sawa, na kuna usiku mtu aliandika jambo zito na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kujibu.

Haya, nakubali shingo upande, kaunsela wa ndani ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Na hizo pumzi zinasaidia kidogo saa tisa usiku. Wanaoanza kazi mimi huwaambia wapige 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure na huko hakuna anayekujua wala kujua metroni wako.

Mshahara kwa wakati na likizo isiyokatizwa tumeitisha mpaka sauti imekauka. Hili lingine ni rahisi: mlipeni kaunsela wa nje, akae mjini mbali na geti letu, bili irudi na idadi ya watu bila majina, na metroni asijue ni nani alienda Jumanne.