Sahani ya Stahl House na KICC ya mawe ya Kisii

Rafiki yangu hapa Kisumu ameagiza sahani mbili za kutundika ukutani, zimechorwa Stahl House, ile nyumba ya vioo ya msanifu Pierre Koenig iliyomalizika 1960 kule Los Angeles, sasa kila mgeni akiingia anauliza kwani hizi za nini na huwezi kulia ugali.

Mi namuelewa kabisa, juu wengi wetu hatutawahi kufika huko, na umbo la jengo likikaa mbele yako kila siku macho yanazoea kuliona. Angalia tu KICC, lile jumba la mikutano la Nairobi. Tangu noti mpya zitoke 2019 iko kwenye noti zote, hata mtu hajawahi kanyaga Nairobi anaujua ule mnara wa wasanifu Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso, uliofunguliwa 1973.

Lakini kuna kitu kinaniuma. Stahl House ilikuwa kwenye mradi ulioanzishwa 1945 na jarida la Arts & Architecture, na wazo lilikuwa nyumba za bei nafuu ambazo watu wa kawaida wangejenga baada ya vita, ndio maana Charles na Ray Eames, wabunifu mume na mke waliokuwa kwenye mradi huohuo, walijenga yao 1949 kwa vyuma na vioo vya kawaida vya kiwandani. Leo jina la Stahl House linauzwa kwa sahani za toleo dogo lenye namba, bei si ya mtu wa kawaida, na sahani inakuonyesha sura peke yake, haikuambii upepo unapita wapi. Na hapo ndio tunapotea, juu majengo ya miaka ya sitini hapa kwetu yana yale matofali ya matundu na mapezi ya zege ya kukinga jua, yalijengwa yakijua joto la Kisumu, alafu tunayabomoa tuweke vioo vitupu na AC.

Mi ningeanzia Tabaka, kule Kisii wanakochimba jiwe la sabuni. Mafundi wa Kisii wakichonga KICC kwa lile jiwe la waridi, wapige msasa na maji, ule ukumbi wenye umbo la msonge utatoka vizuri sana. Mapezi membamba ni shida kweli, jiwe ni laini linavunjika, kwa hivyo itabidi yachorwe tu juu juu, sawa. Fundi aandike jina lake chini na alipwe kama msanii. Hiyo ningenunua hata mbili.