Saa Nzima Motoni ya Nini?

Kila anayeanza kupika bia nyumbani huambiwa neno moja: maji ya kimea yakishachemka, hesabu dakika 60. Ukiuliza kwa nini 60 na si 40, jibu ni kwamba ndivyo ilivyo. Nami nilitii miaka miwili, nyuma ya nyumba yetu hapa Mikindani, nimesimama na mwiko mbele ya sufuria ya pilau ya lita 30. Ilipofika Februari, joto la kaskazi juu na moto wa gesi chini, jasho limeingia hadi ndani ya ndara, nikaanza kujiuliza hii saa nzima namchemshia nani.

Niseme mapema nilipo: kwa bia nyingi tunazopika huku Mombasa, nusu saa yatosha. Ipo moja isiyotosheka na nusu saa. Nitaifikia, maana ilinitia aibu mbele ya wageni.

Tuanze na kazi ya moto wenyewe. Umeloweka kimea kwenye maji ya nyuzi 66 hivi kwa saa moja, umechuja, umebaki na maji matamu ya rangi ya chai ya rangi. Vijidudu vilivyomo humo vinakufa mapema. Dakika 10 au 15 za kutokota na hesabu yao imefungwa. Kisha kuna protini. Hapa ndipo mtu asitoke kwenda kujibu simu, kwa sababu povu la kahawia hupanda ghafla, nene kama la sabuni, na likikuta huna mwiko mkononi linamwagikia meko yote na kuacha ukoko wa sukari utakaousugua hadi kesho. Lipulize, lipige na mwiko, linywee. Muda si muda litashuka lenyewe, na ukichota kidogo kwenye glasi utaona maji yamekatika kama maziwa yaliyolala: madonge madogo yanaelea, na kati yake maji safi yanayong'aa. Kwenye sufuria yangu jambo hilo halijawahi kupita dakika 15.

Kinachobaki ni uchungu, na huo ndio uliozaa ile saa nzima. Hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, haitoi uchungu kwa kulowekwa tu. Asidi zake za alfa zinataka joto zibadilike umbo ndipo ziyeyuke vizuri kwenye bia, na hilo linakwenda polepole. Kwa hesabu ya Glenn Tinseth, ambayo programu nyingi za wapikaji huitumia, hopsi iliyochemka dakika 30 inatoa zaidi kidogo ya robo tatu ya uchungu ambao ingetoa kwa dakika 60. Tazama sasa: nusu saa ya kwanza imekupa robo tatu, nusu saa ya pili inakuokotea robo iliyobaki. Ukiendelea hadi 90, unaongeza kama asilimia saba tu juu ya ile ya saa moja. Kwa hiyo pishi lililotaka gramu 30 za hopsi kwa saa nzima nalipa gramu 40 kwa nusu saa, na ulimi wangu haujaona tofauti.

Najua hopsi ni ghali, haioti kwenye shamba la mtu hapa, inakuja kwa ndege na meli. Lakini weka mizani. Sufuria yangu ikitokota sawasawa hupoteza lita nne kwa saa. Nilipima mtungi wa gesi kabla na baada, nusu saa ya ziada ikanilia gramu 200 na ushei. Na hizo lita mbili zilizopaa ni maji niliyoyanunua. Anayeishi mji huu haelezwi habari ya mifereji mikavu. Maji ya kisima ya mtaani kwetu yana chumvi, hayafai kwa bia, kwa hiyo kila lita inayoingia sufuriani imefika kwa mkokoteni, ndani ya mtungi wa lita 20, baada ya kumpigia simu muuza maji mara tatu. Siwezi kumlipa aniletee maji halafu niyageuze mawingu.

Shemeji yangu wa Nairobi hakubaliani nami, na nilichelewa kuelewa kwamba yeye yuko sahihi kwake nami kwangu. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na kule maji huchemka yakifika karibu nyuzi 94. Sisi bahari iko mlangoni, yetu yanachemka kwa 100 kamili. Nyuzi sita zinaonekana chache, lakini mabadiliko ya hopsi yanategemea joto sana; kwa kupungua huko kasi yake huanguka kwa zaidi ya thuluthi. Nusu saa yangu si nusu saa yake. Akiiga pishi langu atakunywa juisi ya kimea. Kwa hiyo mtu akikupa dakika, kwanza muulize anapikia wapi.

Sasa ile aibu. Ilikuwa Mei, mvua ya masika inashuka, nami nimepata kimea cha pilsner, cha bia ya rangi ya dhahabu, badala ya kile cha pale ale, chenye rangi zaidi, nilichokizoea. Gesi ilikuwa inakaribia kuisha. Nikapunguza moto, nikafunika sufuria mvua isiingie, nikahesabu dakika 30 na kuzima. Mferejini hakuna tone la kupoozea, basi nikaiacha na mfuniko wake ipoe hadi asubuhi. Baada ya wiki tatu shemeji huyohuyo akaja likizo. Nikammiminia kwa madaha. Akanusa, akanitazama, akanusa tena.

"Shemeji, hii uliipika pamoja na githeri?"

Alikuwa na haki. Bia ilinuka mahindi ya kuchemsha. Kimea cha pilsner hukaushwa kwa joto dogo ili kibaki cheupe, na kwa hivyo kinabaki na kitu ambacho, kikichemshwa, hutoa dimethili salfaidi, yaani DMS, chenye harufu ya mahindi au kabichi. Kimea cha pale ale hukaushwa kwa moto zaidi, na sehemu kubwa ya kitu hicho huishia hukohuko kiwandani. Kwenye sufuria inayotokota, kila dakika 40 hivi nusu ya kilichopo hugeuka DMS, na DMS yenyewe ni nyepesi, inapaa na mvuke upesi. Baada ya nusu saa bado unacho kama asilimia 60, baada ya saa moja 35, baada ya 90 kama 20. Ndiyo maana wapikaji wa pilsner hung'ang'ania dakika 90, na hapo sina ugomvi nao.

Ila makosa yangu makubwa hayakuwa zile dakika. Mfuniko uliurudisha mvuke sufuriani ukidondoka na harufu yake. Moto mdogo haukuutoa. Na usiku mzima wa kupoa polepole uliendelea kutengeneza DMS mpya isiyo na pa kutokea. Hili watu hawalisemi vya kutosha: ukizima gesi, saa haijasimama. Maadamu sufuria bado ni ya moto sana, hopsi inaendelea kutoa uchungu na kimea kinaendelea kutoa harufu. Huku kwetu maji ya tangi yana nyuzi 29 au 30, koili ya shaba ya kupoozea, inayopitisha maji hayo ndani ya sufuria, inafika mahali inagoma. Mimi sasa nanunua barafu kwa wauza samaki, naiacha ndani ya mifuko yake kwenye beseni, nakalisha sufuria humo. Mfuko ukipasuka, bia ya siku hiyo sitakualika.

Kuna Waaustralia wanaomimina maji ya kimea yakiwa bado moto ndani ya jerikeni gumu la plastiki, wanalifunga na kuliacha lipoe lenyewe, bila tone la kupoozea. Nimejaribu kwa kimea cha pale ale mara mbili mifereji ilipokauka, ikatoka safi. Hopsi za mwisho, zile zinazotiwa karibu na kuzima moto, ndizo za kupunguza, kwa sababu zinaendelea kujipika humo.

Na kwa wanaoona nusu saa ni uvivu: magharibi ya Norwe, kwenye mashamba yaliyotupatia hamira ya kveik, ile isiyoogopa nyuzi 35 za chumba changu, kuna wazee wanaopika bia isiyochemshwa kabisa. Wanainywa mapema kabla haijaharibika. Babu yangu aliyekuwa akigema Kaloleni hangeshangaa. Tembo lake lilianza kuchacha likiwa bado juu ya mnazi, ndani ya kibuyu, na halikuonja moto hata siku moja. Ningemwambia kuna watu wanabishana kuhusu dakika 30 na 60, angeniuliza ninakunywa saa ngapi.

Jumamosi hii nina kilo tano za pilsner nilizoletewa na huyo shemeji, nadhani kwa makusudi. Mtungi wa gesi nimebadilisha, muuza maji nimemlipa kabisa, na mfuniko wa sufuria nimemwachia mke wangu auweke anapojua yeye. Nitachemsha dakika 90.