Kutoa dastbini madarasani sio uonevu kihivyo

Chuo chochote kikijaribu kutoa dastbini madarasani na maofisini, kikabakiza vituo vya mapipa matatu kwenye korido, yani la karatasi, la chupa na makopo, na la taka zingine, kelele huwa zilezile. Lekcha atasema hakusoma miaka yote hiyo aje kutembea na kikombe kitupu mkononi kutafuta pipa. Mwanafunzi atasema chuo kinabana matumizi alafu kinajificha nyuma ya mazingira. Huyu wa pili ana pointi na ntamrudia, ila mi naona wanaotetea huu utaratibu hawajasikilizwa vizuri, labda kwa sababu wanaanza na mabango ya kijani badala ya kuanza na dastbini yenyewe.

Hebu iangalie ile ya mlangoni darasa la mwisho likishatoka jioni. Chini kuna karatasi za notsi zilizochapwa upande mmoja, safi kabisa, juu yake chupa ya maji ambayo mtu hakumaliza, alafu anakuja mwingine anatupia kikombe cha kahawa chenye kahawa kidogo kwenye kitako. Kikombe kinalala, kahawa inashuka taratibu hadi kwenye karatasi na ndo basi tena, karatasi iliyolowa na kunuka maziwa hakuna anayeitaka. Na hicho kikombe watu wanakitupa kwa roho safi wakijua ni karatasi wakati ndani kimepakwa plastiki, kwahiyo hata kingeenda kwenye pipa la karatasi kingekuwa uchafu tu.

Sasa anakuja dada wa usafi, anafunga mfuko fundo moja, anaubeba. Hapo ndo utasikia "mnatuambia tutenganishe wakati wasafishaji wenyewe wanachanganya". Jamani, achanganye nini? Amekuta kimeshachanganyika. Ana ghorofa nzima ya kumaliza, mlitaka akae kwenye ngazi achambue? Kuna wanaochanganya kweli vilivyotenganishwa, sibishi, mara nyingi ni kwa sababu kampuni imewapa toroli lenye mfuko mmoja, hilo ni la kumuuliza aliyesaini mkataba sio anayesukuma toroli. Na usisahau kila dastbini ndogo ina mfuko wake wa plastiki unaobadilishwa kila siku hata kama ndani kuna tishu moja.

Hoja kubwa ya upande wa pili ni elimu, waelimisheni watu watatenganisha wenyewe bila kunyang'anywa mapipa. Nzuri, ila chuo sio kijiji. Kila mwaka unapokea maelfu wapya na kuwaaga waliokwisha kuelewa, unajaza maji kwenye pakacha. Mi nimeng'ang'ania sana ule utafiti wa Sean Duffy na Michelle Verges wa mwaka 2009 kwa sababu hii hii. Walichofanya ni kubadilisha mifuniko ya mapipa tu, la karatasi likapewa mwanya mwembamba, la chupa na makopo likapewa tundu dogo la duara, basi. Chupa na makopo yaliyoingia panapotakiwa yakaongezeka kwa asilimia 34, na taka zisizohusika zikapungua kwa asilimia 95.

Watu wakisoma hapo wanashangilia 34, mi nakwama kwenye 95. Unajua kwanini? Mnunuzi wa karatasi au chupa hanunui uzito tu, anaangalia usafi. China mwaka 2018 ilipokaza masharti ikataka uchafu usizidi asilimia 0.5 kwenye mizigo ya aina nyingi, nchi kibao zilizozoea kusafirisha taka zao huko zikabaki nazo mlangoni. Asilimia 0.5! Dastbini yetu ya kahawa ingefika wapi hapo? Kwahiyo tundu la duara limefanya kazi ambayo semina haifanyi, na zuri zaidi tundu halihitimu likaondoka. Ila sasa huwezi kuweka mifuniko hiyo kwenye dastbini za kila chumba na kila chumba kikae na mapipa matatu, nafasi hakuna. Na lazima yakae pamoja, maana pipa la chupa likiwa peke yake linageuka jalala, na la taka likiwa peke yake linameza chupa zote. Ndo maana vituo vichache kwenye korido.

Haya, wapinzani. Kwamba chuo kinaokoa hela, ndio kinaokoa, mifuko na muda, na kama hizo hela zinaishia kupunguza wafanyakazi wa usafi basi mwanafunzi ana haki ya kukasirika. Anayetembea kwa shida asiambiwe afuate pipa mwisho wa korido, huyo abakiziwe lake bila maswali. Alafu wapo wanaosema recycling yenyewe, yani kurejeleza taka ziwe bidhaa mpya, ni danganya toto, na takwimu wanayo, taka zote za plastiki ambazo dunia ilikuwa imezalisha hadi 2015, zilizorejelezwa ni kama asilimia 9 tu. Inauma na ni kweli. Lakini madarasani na maofisini kinachojaa ni karatasi, chupa za maji na makopo ya soda, yani vile vyenye soko kuliko vingine. Kopo la alumini ukilirejeleza unaokoa karibu asilimia 95 ya nishati ya kutengeneza alumini mpya. Kwenye plastiki ambayo hairejelezwi kuna vimifuko na vifungashio ambavyo hata kituo kizuri hakiviokoi, hivyo dawa yake ni kutovinunua.

Ninachoogopa mimi ni wiki za mitihani. Watu wanashinda majengoni hadi usiku, kituo kinajaa saa nane mchana, chupa zinaanza kupangwa juu ya mfuniko, alafu sakafuni, kufika jioni kila mtu anatupa popote na ile mifuniko imegeuka mapambo. Chuo kisichoongeza raundi za kumwaga mapipa wiki hizo, na kisichoweka hata ndoo ya kumwagia masalia ya vinywaji pale pembeni, hizo kelele kitakuwa kimezitafuta chenyewe.