Sifuri Isikudanganye: Kufuatilia Urudufishaji wa Hifadhidata Pachikwa

Anayeendesha PostgreSQL, hifadhidata inayokaa kwenye seva yake yenyewe, ana pa kuuliza. Anaingia kwenye seva kuu, anasoma pg_stat_replication, jedwali la hali ya nakala zake, na tangu toleo la 10 lililotoka mwaka 2017 anaonyeshwa hata muda ambao kila nakala imechelewa, umeshahesabiwa tayari. Anayetumia hifadhidata pachikwa hana seva ya kuiuliza. Hifadhidata yake ni maktaba ya msimbo iliyounganishwa na programu, inaamka na programu na kulala nayo, na takwimu zake zimo humohumo ndani. Mwenye programu asipozitoa nje, hakuna mwingine wa kuzitoa.

Ndiyo maana nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu huuona mkali mno: programu inayorudufisha data kwa njia hii, yaani inayoweka nakala zake kwenye mashine nyingine, bila kutangaza yenyewe umri wa data iliyo kwenye kila nakala haijakamilika, hata kama urudufishaji wenyewe unakwenda vizuri. Tena umri huo haumo kwenye takwimu unazopewa na maktaba. Unazo namba nyingi za kuuzunguka, lakini wenyewe inabidi uutengeneze.

Mfano wangu ni hifadhidata pachikwa ya Berkeley DB, kwa sababu urudufishaji wake umo ndani ya maktaba yenyewe, na ulikuwemo hata kabla Oracle haijainunua kampuni ya Sleepycat mwaka 2006. Mpangilio wake ni rahisi kuuelewa. Nodi moja, yaani mashine moja kati ya zinazoshirikiana, ni kiongozi na ndiyo pekee inayopokea maandishi mapya. Nyingine ni wafuasi, za kusoma tu. Kila badiliko huandikwa kwanza kwenye logi, yaani daftari la mabadiliko, na kiongozi huwatumia wafuasi rekodi za logi hiyo. Kila rekodi ina namba yake ya mfuatano, LSN, ambayo kwa kweli ni namba mbili: faili la logi na nafasi ndani ya faili hilo. Mfuasi hutekeleza rekodi kwa mpangilio. Ikifika ya mbele kabla ya iliyotangulia, huiweka kwenye foleni na kuomba ile iliyokosekana.

Fanksheni ya rep_stat hukurudishia muundo wenye nyuga zaidi ya 30. Wengi huzimwaga zote kwenye dashibodi, wakachora grafu za rangi, kisha hawaziangalii tena. Mimi huanza na nne. st_status inaniambia nodi hii inajiona nani. st_startup_complete inaniambia kama mfuasi ameshamaliza kulinganishwa na kiongozi tangu alipojiunga. Kabla ya hapo, kumsoma ni kusoma historia. st_next_lsn ni rekodi ambayo mfuasi anaitarajia, na st_waiting_lsn inanionyesha kama kuna pengo: ikiwa si sifuri, kuna rekodi zimefika huku zilizotakiwa kuzitangulia hazipo.

Sasa, hiyo sifuri ya st_waiting_lsn ndiyo hunitia wasiwasi kuliko namba nyingine zote. Fikiria kiongozi ameandika muamala mmoja, yaani kundi la mabadiliko yanayokamilika pamoja, ametuma rekodi zake, ujumbe ukapotea njiani, kisha hakuna aliyeandika kitu kwa nusu saa. Mfuasi hajui lolote. Pengo hugunduliwa pale rekodi ya baadaye inapofika na kuonyesha kwamba kuna kitu kimerukwa. Isipofika ya baadaye, hakuna kilichorukwa machoni pake. Foleni ni tupu, maombi ya kurudia hayajaongezeka, st_waiting_lsn ni sifuri, grafu zote zimelala kimya. Na wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hali ni hiyohiyo kebo ikikatika kabisa: mfuasi aliyetengwa na dunia ana takwimu safi kuliko mwenzake anayepambana na mtandao mbovu.

Kwa hiyo takwimu za mfuasi peke yake hazitoshi. Lazima uwe na st_next_lsn ya kiongozi pia, na uzilinganishe. Hapa napo kuna shimo. LSN si namba ya kutolewa kwa nyingine kijuujuu. Kiongozi akiwa kwenye faili la 5, nafasi ya 200, na mfuasi yuko faili la 4, nafasi ya 9,900,000, hawajaachana kwa faili zima. Ukubwa wa faili la logi kwa kawaida umewekewa kikomo cha megabaiti 10, hivyo tofauti yao inaweza kuwa ndogo tu. Ukitaka baiti, inabidi ujue kikomo kilichowekwa kwenye mfumo wako na ukubali kwamba jibu ni la kukadiria, kwani si kila faili hujaa mpaka ukingoni kabla ya jingine kufunguliwa.

Na hata ukizipata hizo baiti, zitakuambia nini? Kilobaiti 300 nyuma inaweza kuwa nusu sekunde kwenye mfumo wenye shughuli nyingi, au siku mbili kwenye kifaa kinachoandika mara chache. Anayesoma kutoka kwa mfuasi haulizi baiti. Anauliza kama anachokiona ni cha sasa hivi au cha jana.

Suluhisho langu si jipya. Kiongozi huandika ndani ya hifadhidata yenyewe rekodi moja ndogo ya mapigo, kihesabio kinachoongezwa moja kila baada ya muda uliopangwa, kupitia muamala wa kawaida kama data nyingine yoyote. Mfuasi huisoma. Rekodi hii hupita njia yote ambayo data halisi hupita: logi, mtandao, foleni, utekelezaji, mpaka kusomeka. Ikifika, njia nzima inapitika. Na kwa kuwa kiongozi sasa hakai kimya hata siku moja, lile pengo la mkiani hujitokeza lenyewe kwenye pigo linalofuata.

Usiweke saa ya kiongozi ndani ya rekodi hiyo kisha uitoe kwenye saa ya mfuasi. Saa za mashine mbili hazipatani, na za vifaa vidogo visivyo na betri ya saa ndiyo kabisa. Utaona nakala zilizochelewa kwa sekunde hasi, halafu mtu atazificha kwa kuandika msimbo unaogeuza hasi kuwa sifuri. Mfuasi na aangalie kihesabio kilibadilika lini mara ya mwisho, akipima kwa saa yake mwenyewe ile isiyorudi nyuma. Kipimo hiki kina udhaifu: hakitofautishi kiongozi aliyekufa na mtandao uliokatika, wala hakimuumbui mfuasi anayepokea mapigo mfululizo lakini ya zamani. La kwanza silijali, maana kwa msomaji matokeo ni yaleyale, data imezeeka. La pili hutatuliwa kwa kulinganisha kihesabio cha pande zote mbili pale zinapokusanywa pamoja.

Upande wa kiongozi kuna namba moja ambayo ningemwamsha mtu usiku kwa ajili yake. Iko kwenye takwimu za meneja wa urudufishaji, sehemu ya maktaba inayosimamia mawasiliano ya nodi, zinazosomwa kwa repmgr_stat, na jina lake ni st_perm_failed. Inahesabu mara ambazo ujumbe wa lazima kwa udumifu wa data haukuthibitishwa na wafuasi wa kutosha kwa muda uliowekwa. Kinachowapita watu wengi ni kwamba muamala huo haukataliwi. Fanksheni ya kukamilisha muamala inarudisha mafanikio, data imekaa salama kwenye diski ya kiongozi, na programu inaendelea na safari yake. Taarifa pekee ni tukio linaloitwa DB_EVENT_REP_PERM_FAILED, ambalo lazima uwe umelisajilia fanksheni ya kulipokea, pamoja na hicho kihesabio. Kama hukusajili na huangalii kihesabio, unaweza kuendesha mfumo wenye nakala tatu ambao kwa kweli una nakala moja, na siku kiongozi anapoanguka ndipo utajua ni miamala mingapi haikuwahi kutoka kwake.

Mtu anaweza kusema amri ya db_stat, inayochapisha takwimu za Berkeley DB, ipo, kwa nini kuhangaika na msimbo. Ipo kweli. Ukiipa -r inakupa za urudufishaji, na inafaa sana pale unapokaa mbele ya mashine yenye tatizo. Ila kuijengea ufuatiliaji wa kudumu ni kujitafutia taabu. Inafanya kazi kwa kujiunga na mazingira yaleyale ya kumbukumbu ya pamoja ambayo programu yako inatumia. Kama mazingira yalifunguliwa kwa chaguo la DB_PRIVATE, kumbukumbu hiyo ni ya mchakato mmoja na chombo cha nje hakioni kitu. Na pale inapoweza kujiunga, inakuwa mshiriki kamili. Nyaraka zenyewe zinaonya kwamba iachwe ijitoe kwa utaratibu. Sasa weka hiyo kwenye ratiba ya kila dakika, juu yake weka chombo cha ufuatiliaji kinachoua kwa nguvu kila amri inayochelewa, uone mwenyewe. Mtazamaji hapaswi kuwa na uwezo wa kumwangusha anayetazamwa. Uzi mmoja (thread) ndani ya programu, unaosoma takwimu kila baada ya sekunde kadhaa na kuziandika mahali pa kusomeka, unatosha na hauna hatari hiyo.

Uzi huo usifute vihesabio. Kuna bendera ya DB_STAT_CLEAR, na -Z kwenye amri, zinazorudisha namba kwenye sifuri, na zinavutia kwa sababu kila usomaji unakuwa ni wa kipindi kilichopita tu. Mpaka siku mtu wa pili atakapozisoma, kila mmoja akawa anamwibia mwenzake nusu ya matukio. Soma jumla, hifadhi ya awali, toa mwenyewe. Jumla ikipungua ghafla, mazingira yameundwa upya, pengine baada ya urejeshaji kufuatia ajali. Hiyo yenyewe ni habari ya kurekodiwa.

Jumla ghafi hazina maana pia. st_log_requested, idadi ya rekodi zilizokosekana na kuombwa, ikiwa 40,000 haisemi chochote; inaweza kuwa mizozo ya mtandao ya mwezi uliopita. Ikiwa inapanda kwa kasi sasa hivi huku st_log_queued, idadi ya zilizo kwenye foleni, nayo haishuki, mfuasi anaomba rekodi na hazimfikii. Ikipanda kidogo kisha ikatulia, mtandao ulipoteza pakiti na maktaba ikafanya kazi yake. Kumwamsha mtu kwa hilo ni kumzoesha kupuuza simu. Kwa kawaida mfuasi husubiri milisekunde 40 kabla ya kuomba rekodi iliyokosekana, na muda huo unaweza kukua hadi sekunde 1.28. Sampuli moja inayoonyesha pengo haina uzito wowote. Pengo lenye LSN ileile katika sampuli kadhaa mfululizo lina uzito.

Kuhusu chaguzi za kumpata kiongozi sina mengi. st_gen, namba ya awamu ya uongozi, ikipanda mara kwa mara, nodi hazielewani nani kiongozi, na chanzo kinaweza kuwa mtandao au muda wa kusubiri uliowekwa mfupi mno. st_dupmasters, inayohesabu mara ambazo viongozi wawili waligunduliwa kwa pamoja, isipokuwa sifuri, acha kila kitu uishughulikie hiyo kwanza.

Waliochagua SQLite, hifadhidata pachikwa nyingine, wako kwenye dunia nyingine kidogo, kwa kuwa SQLite yenyewe haina urudufishaji. Unaongezwa kwa nje: Litestream inanakili kurasa za faili la WAL, ambalo ni logi ya SQLite, na rqlite inaweka mbele yake Raft, itifaki ya nodi kukubaliana. Takwimu zinakuja na chombo ulichochagua, na kila kimoja kina majina yake. Rekodi ya mapigo inafanya kazi kote bila kubadilika, na hiyo ni sababu nyingine ya kuipenda kuliko uga wowote wenye jina zuri.

Gharama yake ni maandishi ya ziada. Kwenye seva huwezi kuyahisi. Kwenye kifaa chenye hifadhi ya flashi inayochakaa kwa kuandikwa, pigo la kila sekunde, mchana na usiku kwa miaka, ni jambo la kupigiwa hesabu kabla. Huko ningeandika kila baada ya sekunde 30 au dakika nzima, na kulinyamazisha pigo pale ambapo data halisi imeandikwa ndani ya kipindi hicho, mradi muamala huo wa data uwe umeongeza kihesabio.

Halafu umri ukishapatikana, usiishie kwenye dashibodi. Hapa ndipo hifadhidata pachikwa inapoizidi seva: msimbo unaosoma data na msimbo unaojua umri wake uko ndani ya mchakato mmoja. Mfuasi anaweza kuangalia kabla ya kujibu ombi, na umri ukipita kikomo akakataa, au akajibu huku akitaja kwamba jibu ni la dakika nne zilizopita, au akamwelekeza muulizaji kwa kiongozi. Kikomo chenyewe hukipati kwenye nyaraka za maktaba. Kamuulize anayetumia data: orodha ya mipangilio inaweza kuvumilia saa nzima, salio la akaunti haliwezi kuvumilia hata sekunde tano, na mara nyingi vyote viwili vimo ndani ya hifadhidata moja.