Mori wa pambano ufundishwe mazoezini

Vijana wengi wa karate hapa Mtwara hawapungukiwi mbinu. Mateke wanayajua, ngumi zimenyooka. Wakipanda basi kwenda kushindana Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500, ndipo pengo linapoonekana: akili haijazoeshwa kupandisha mori, yaani ari ya kupigana, na kuushusha inapotakiwa. Lawama naiweka kwa sisi tunaofundisha.

Mazoezi yetu ya jioni mengi yana joto moja mwanzo mwisho. Mwanafunzi anapiga gyaku-zuki, ngumi ya mkono wa nyuma, mara 100 mawazo yakiwa sokoni. Afadhali apige 20, kila moja akimwona mtu mbele yake, shabaha akiijua kabla mkono haujatoka, kiai, ile sauti ya kupiga, ikitoka tumboni. Akili ikianza kuzurura, asimame hata kama miguu bado ina nguvu.

Wengine hudhani dawa ni hasira. Sikubaliani kabisa. Mwenye hasira utamjua kwa mabega: yanapanda, ngumi inakazwa mapema, bega linatangulia na mpinzani anasoma kila kitu. Pumzi ameibana. Macho yameganda kwenye mikono ya mwenzake, teke la pembeni linamkuta hajaliona. Tena kumite, yaani pambano la watu wawili, inadai ngumi idhibitiwe. Anayepiga kwa ghadhabu hupewa onyo juu ya onyo hadi hansoku, yaani kuondolewa pambanoni. Mwaka 1908 Robert Yerkes na John Dodson walionyesha, kwa majaribio ya panya, kwamba kazi ikiwa ngumu, msukumo ukizidi kiasi huiharibu. Kumite ni kazi ngumu.

Kwa hiyo mpe mwanafunzi kipimo cha mori cha 1 hadi 10 na umuulize yuko ngapi. Kwa kumite naona 7 au 8 panatosha; kata, yaani mfululizo wa mbinu bila mpinzani, inataka chini kidogo ya hapo. Kupandisha: aruke papo hapo sekunde 15, atoe pumzi fupi za nguvu, aseme neno lake moja la kujiamsha. Kushusha: avute hewa puani kwa sekunde 4, aitoe taratibu kwa sekunde 6 hadi 8, mara 5, mabega yakilegea.

Kisha unganisha. Wawili wawili, sekunde 20 za kushambulia kwa nguvu zote, "yame!" (acha!), sekunde 40 za kushusha, mizunguko 6. Makocha wengi huzila hizo sekunde 40 kwa kupiga stori, na hapo zoezi linakufa, maana kushuka ndiko kugumu. Miezi ya joto, Novemba hadi Machi, subirini jua lipungue ndipo mwende mchangani Shangani, ufukweni hapa Mtwara, na maji yawepo. Anayehisi kizunguzungu akae chini.

Siku ya mashindano kosa kubwa ni kupandisha mzuka asubuhi wakati jina linaitwa saa nane mchana. Akifika kwenye tatami, mikeka ya kushindania, miguu ni mizito na kifua kinabana. Akae kwenye 3, mkanda ukiwa umelegezwa, ale kidogo, asishangilie kila pambano la wenzake. Zikibaki dakika 10 hivi, atoe jasho la kwanza. Mori aupandishe mapambano mawili kabla ya lake.

Na kocha pembeni asimwage hotuba. Pambano la wakubwa ni dakika 3, mpiganaji anasikia neno moja tu, lile alilozoea kulisikia mazoezini: "Pumua!" au "Umbali!"