Msimbo Chanzo: Kwenye Flashi Leo, au Ahadi ya Miaka Mitatu?

Fundi wa Mlandege akifuta fimwea (programu endeshi) ya kiwandani kwenye ruta, akaweka OpenWrt, fimwea huria ya ruta, aliyoipanga mwenyewe ili wageni wa hoteli ya Nungwi waingie intaneti kwa vocha, kisha akamuuzia mwenye hoteli, tayari keshakuwa msambazaji wa programu huria. Ndani ya ruta ile mna kerneli ya Linux (kiini cha mfumo) na BusyBox (mkusanyiko wa amri zake ndogo), zote chini ya leseni ya GPL toleo la 2 la mwaka 1991. Leseni hiyo inamtaka ampe mnunuzi msimbo chanzo (maandishi ya programu kabla ya kugeuzwa lugha ya mashine) au ahadi ya maandishi ya kuutoa. Deni lipo hata kama hakubadilisha mstari mmoja. Wengi hapo ndipo wanapoteleza, wakidhani anayedaiwa ni aliyerekebisha tu.

Si kila leseni inadai hivyo. Leseni za MIT, BSD na Apache kimsingi zinatosheka na tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni yenyewe. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumika Zanzibar tangu zamani, uko chini ya BSD. Na taasisi inayoendesha programu ya GPL kwenye seva yake bila kumpa mtu wa nje nakala haidaiwi kitu; leseni ya AGPL, ndugu yake GPL, ndiyo inayomfikia aliyeirekebisha programu na kuwahudumia watu kupitia mtandao.

Kwa anayegawa nakala, toleo la 2 linafungua njia tatu. Msimbo uende pamoja na kifaa. Au itolewe ahadi ya maandishi, ya miaka isiyopungua mitatu, ya kumpa msimbo mtu yeyote atakayeuomba kwa gharama isiyozidi ile ya kunakili. Au ipitishwe ahadi aliyoipokea yeye mwenyewe, na hii ya mwisho hairuhusiwi kwenye biashara. Kwa hiyo muuzaji amebakiwa na mbili.

Wanaopendelea ahadi wana hoja nzito. Msimbo wa ruta moja, pamoja na zana za kuukompaili (kuugeuza uwe programu inayoendeshwa), hufika mamia ya megabaiti. Kununua flashi kwa kila mteja ni gharama inayokula faida, na mwenye hoteli ataitupa kwenye mtoto wa meza asiiguse tena. Maombi ni machache mno. Karatasi moja ndani ya boksi inatosha, na sheria imefuatwa.

Hoja hiyo inasahau mambo mawili. Kwanza, ahadi haikuondolei kazi ya kuuandaa msimbo. Akitokea mwombaji mwaka wa pili, lazima utoe ule ule uliozaa fimwea iliyomo kwenye kifaa, na kama hukuuhifadhi siku ile, kuukusanya upya ni mateso. Pili, miaka mitatu inahesabiwa kwa kila kifaa kilichouzwa, hivyo ruta ya mwisho ndiyo inayoamua lini umeachiwa. Kwa duka la mtu mmoja muda huo ni mrefu. Laptopu inaungua umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, fundi anahamia Dar es Salaam, anwani ya tovuti haikulipiwa. Aliyetoa msimbo pamoja na kifaa alimaliza deni lake palepale kaunta.

Kuna wanaosema basi mwelekeze mteja kwenye tovuti ya OpenWrt. Toleo la 3 la GPL, la 2007, linaruhusu, kwa programu inayopakuliwa mtandaoni, msimbo ukae kwenye seva ya mtu mwengine ukitoa maelekezo ya wazi, ila jukumu la kuhakikisha unapatikana linabaki kwako. Toleo la 2 halina njia hiyo kwa kifaa kilichouzwa mkononi. Isitoshe, tovuti ile haina viraka vyako, yaani marekebisho uliyoyafanya.

Kifurushi kinachofaa kina vitu hivi: msimbo wa OpenWrt wenyewe na namba kamili ya komiti (hatua ya msimbo iliyohifadhiwa) uliyoanzia, faili ya `.config` yenye chaguo zako za ujenzi, `feeds.conf` (orodha ya vyanzo vya vifurushi) iliyofungwa kwenye komiti badala ya tawi linalobadilika, pamoja na folda ya `feeds` yenyewe, viraka vyote, folda ya `dl` ya misimbo iliyopakuliwa, iliyojazwa kwa `make download`, na maelezo mafupi ya kujenga na kusakinisha. Kabla ya kunakili, pekua folda ya `files`, maana humo hujificha nywila za wateja na funguo za WireGuard (programu ya VPN), na hizo hazimhusu mtu. Kisha peleka kifurushi kwenye kompyuta safi, chomoa waya wa intaneti, ukiamuru `make`. Ikikwama, mara nyingi ni kwa sababu tawi limesogea mbele au kuna faili haikuingia `dl`. Kosa ambalo jaribio hili halilioni ni kifurushi kilichoongezwa kwa zana ya kusakinisha kama opkg baada ya ruta kuwashwa: kimo kwenye kifaa, hakimo kwenye msimbo.

Mizani hubadilika kwa kompyuta ndogo zinazopelekwa skuli za Pemba zikiwa na Kiwix, programu ya kusoma Wikipedia bila intaneti, ambayo ni GPL toleo la 3, juu ya mfumo wa Debian wenye mamia ya vifurushi. Kukusanya misimbo yote kwa amri ya `apt-get source` ni kazi ya siku na gigabaiti kadhaa. Hapo namwelewa anayeandika ahadi, hasa mradi wenye ofisi ya kudumu. Lakini anayepeleka kadi ya GB 128 iliyojaa Wikipedia hana haki ya kusema msimbo umekosa nafasi. Uwekwe kwenye kadi hiyohiyo, maana skuli isiyo na intaneti haitaupata kwengine.

Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya 2003, mbali na ile ya Bara ya 1999, na anayevunja GPL toleo la 2 hupoteza haki ya kusambaza hapo hapo. Toleo la 3 lina huruma: mkosaji wa mara ya kwanza akirekebisha ndani ya siku 30 tangu aonywe, haki yake inarudi. Hata hivyo, sababu inayonigusa zaidi haiko mahakamani. Mwaka 2003 watu walidai msimbo wa ruta ya Linksys WRT54G, kampuni ikautoa, na mwaka uliofuata OpenWrt ikaanzia hapo. Mkate wa fundi wa Mlandege umetokana na dai hilo.

Atakayechagua ahadi, basi karatasi yake itaje jina la kifaa, toleo la fimwea, anwani ya posta, namba ya simu ya ofisi badala ya ya mtu binafsi, na tarehe ya mwisho. Nakala mbili za kifurushi zikae majumba mawili tofauti, na mmoja wa wanaozishika asiwe fundi mwenyewe.